Ini Bovu Si Ushahidi wa Ulevi

Mtu akivimba tumbo na macho yakawa ya njano, mtaa hausubiri majibu ya daktari. Hukumu imeshatoka: pombe hiyo. Kama hakuwahi kuonekana baa, basi alikuwa akinywa kwa siri. Maneno haya nimeyasikia msibani, yakinong'onwa nyuma ya mgongo wa mjane, kuhusu marehemu ambaye hakuwahi kuonja hata tone. Ni uongo, na uongo huu unaua watu.

Pombe inaharibu ini; hilo halina ubishi, na anayekunywa sana aambiwe bila kufichwa. Ninachokipinga ni kule kumgeuza kila mgonjwa wa ini kuwa mlevi, wakati utafiti umeonyesha vingine kwa zaidi ya miaka 40.

Mwaka 1981, Palmer Beasley na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 wa Taiwan, watumishi wa serikali. Walipimwa damu kwanza, ikajulikana nani ana virusi vya homa ya ini aina ya B na nani hana. Kisha watafiti wakangoja. Wanaume 41 wakafa kwa saratani ya ini, na 40 kati yao walikuwa na virusi hivyo. Hatari ya mwenye virusi ilizidi ya asiye navyo kwa zaidi ya mara 200. Ni nadra sana katika tiba kukuta chanzo na ugonjwa vimeshikana kiasi hicho.

Anayeng'ang'ania pombe atazame na hili. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, ikitanguliza wale waliozaliwa na mama wenye virusi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1990, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kutoka 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Watoto wa umri huo hawanywi pombe. Waliookolewa hawakuachishwa chupa, walichomwa sindano.

Virusi hivi hupita kwenye damu, kwenye kujamiiana, kwenye wembe wa kuchangia, na kwa mama anapojifungua. Mtoto akiambukizwa akiwa mchanga, mara 9 kati ya 10 hubaki navyo maisha yote. Mtu mzima, kwa kawaida, mwili wake huvishinda. Vikibaki mwilini, virusi hukaa kimya miongo kadhaa, bila maumivu. Tumbo linapokuja kujaa maji, mtu ana miaka 40, majirani wanatafuta chupa aliyoificha, na kumbe ugonjwa aliupata siku aliyozaliwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 waliishi na virusi hivi mwaka 2022. Mwaka huo Afrika ndiyo iliyokuwa na asilimia 63 ya maambukizi mapya, lakini ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hii waliopata chanjo punde walipozaliwa. Kwa miaka mingi chanjo hii Tanzania na Kenya ilikuwa ikianza mtoto akiwa na wiki 6, wakati inayomkinga dhidi ya virusi vya mama ni ile ya ndani ya saa 24. Hapa ndipo hasira zetu zingepaswa kuelekea.

Na tusisahau mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004, sumukuvu iliwaua watu 125 mashariki mwa Kenya, na ile inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka huzidisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi.

Kwa sababu ya imani kwamba ini bovu ni ulevi tu, asiyekunywa hujiona salama, hapimwi. Anayekutwa na virusi huona aibu, akawaficha mkewe na ndugu zake, wale wale waliopaswa kupimwa na kuchanjwa. Dawa ipo: tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, ambayo hospitali zetu zinaijua kwa sababu ya Ukimwi.

Mama mjamzito, ukienda kliniki uliza kipimo cha homa ya ini, na uulize mtoto atachanjwa lini. Nawe uliyefiwa na mzazi au ndugu kwa ini, acha kupoteza muda ukiwathibitishia watu kwamba marehemu hakunywa. Nenda na nduguzo mkapimwe damu wiki hii.