Kombora la mbali bila macho ni hasara tu

Kuna imani moja imetukaa sana sisi wapenzi wa gemu za mikakati: kwamba mwenye kombora la kufika mbali ndiye bosi. Ndiyo maana mechi ikianza tu, msee anakimbilia kujaza mizinga nyuma, kisha anakaa kungoja ushindi. Baadaye kituo kinachomeka na lawama zote zinaenda kwa gemu: eti haiko fair.

Gemu haina makosa. Chukua StarCraft II. Siege Tank ikishatia nanga inapiga hadi umbali wa 13, lakini macho yake yanafika 11 pekee. Hapo katikati kuna sehemu inaweza kulipua lakini haiioni. Bila mwenzake wa kuimulikia, nguvu hiyo umeilipia bure. Wajuaji hupaisha jengo la Barracks liwe jicho angani, ama wanapiga skani. Isitoshe, adui akiingia ndani ya umbali wa 2, tanki iliyotia nanga haiwezi kumgusa. Zergling wakifika miguuni pake, kwisha maneno.

Age of Empires II ni vilevile. Trebuchet, ile mashine ya kurusha mawe, inapiga miraba 16. Ngome ya kawaida inapiga 8, na hata ukiiongezea maboresho yote matatu ya mishale inafika 11. Kwa hivyo ngome inabomolewa ikitazama tu. Lakini Trebuchet lazima ifunguliwe kabla ya kupiga na ikunjwe kabla ya kuhama, na aliye karibu sana haimuwezi. Wapanda farasi wachache wakiikuta bila ulinzi, imeenda hiyo.

Halafu kuna muda wa safari. Kwenye Command & Conquer: Generals, kombora la Tomahawk linatoka mbali kweli, lakini likiwa hewani leza ya kifaru cha Paladin inaweza kulitungua. Umbali unakupa usalama, sawa, lakini adui naye unampa nafasi ya kujipanga.

Wanaotaka watengenezaji waondoe vizuizi hivi, hapo tunakosana. Silaha ikipiga mbali, ione mbali, na imalize hata aliye karibu, nani atajisumbua kuunda kitu kingine? Kila mechi itakuwa ile ile, na mwenye pesa nyingi mapema ndiye atashinda. Vizuizi ndivyo vinampa mnyonge nafasi ya kupindua meza.

Kwa hivyo kabla ya kuunda mzinga wa tatu, nunua kwanza jicho moja na walinzi wawili. Mzinga unaoona na wenye walinzi unashinda mitano iliyo gizani. Na kama unalipia cyber kwa saa, basi hesabu hiyo inakuhusu mara mbili.