Mpiga Gitaa Asiye na Bendi

Mtu akionekana na gitaa katika mji wetu wa Iringa, awe ameketi barazani kwake Kihesa au juu ya benchi la fundi huku bondeni Ipogolo, swali aulizwalo ni lile lile siku zote: anapiga bendi gani? Akijibu kwamba hana bendi, ataulizwa kwaya yake. Na akisema kuwa hata kwaya hana, kwamba gitaa ni lake mwenyewe na hulipiga pale nafsi yake inapotaka, muulizaji humtazama kwa huruma, kana kwamba amesimuliwa habari za mtu afugaye ng'ombe asiyemkamua wala hakusudii kumchinja. Mimi naliona swali hilo limekaa upande, na naamini kwamba kwa kuliuliza miaka mingi tumewanyima taadhima watu ambao, pasipo ijara wala makofi, wameuhifadhi muziki wa nchi hii kuliko tunavyokiri.

Asili ya swali lenyewe haina ubaya. Walio wengi kati yetu tulilijua gitaa kwanza kwa njia ya bendi, na bendi kwa njia ya Radio Tanzania Dar es Salaam: Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz zilizoanza zamani za Mwingereza, NUTA Jazz iliyokuwa chini ya jumuiya ya wafanyakazi, kisha bendi za majeshi, za mashirika na za viwanda, hata Iringa nayo ikapata fahari yake katika miaka ya 80 pale kiwanda cha kukata almasi, Tancut, kilipokuwa na Tancut Almasi Orchestra, na sauti za mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa zikatoka humu mwetu zikasikika nchi nzima. Kwa desturi ya zama zile mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo, yaani gitaa la solo, la rizimu na la besi, pamoja na ngoma na vipaza sauti, vilikuwa mali ya mwajiri. Na mtu aliyelicharaza gitaa miaka mingi, siku aliyoacha kazi alilikabidhi akatoka mikono mitupu. Mashirika yalipodhoofu, na mengine yakauzwa katika miaka ya 90, bendi nyingi zilikwenda nayo, na vyombo vikafungiwa stoo vikashika kutu.

Aliyesalimika na msiba huo ni yule aliyekuwa na galatoni nyumbani. Gitaa hilo kavu, lisilohitaji umeme, lilipewa jina kwa chapa ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo magitaa yake ya bei nafuu yalienea pande zetu na yakavuka hata bahari: gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa Gallotone Champion, na ndilo alilokuwa nalo siku ya tarehe 6 Julai 1957 alipokutana na Paul McCartney katika sherehe ya kanisa huko Liverpool. Habari hiyo yaonyesha daraja ya chombo chenyewe: kilikuwa chombo cha kijana asiye na fedha, cha kujifunzia chumbani, cha kupigwa na mtu ambaye bado hajui kama atapata wa kumsikiliza. Na asiyeweza kununua hata hicho alijitengenezea kwa galoni tupu la mafuta, kipande cha ubao na nyuzi za mshipi, akapiga hivyo hivyo.

Tena katika nchi hii ya Uhehe mtu kukaa peke yake na ala ya nyuzi si jambo lililoletwa na gitaa. Kabla yake lilikuwako ligombo, ubao uliochongwa ukaachwa na uwazi kama mtumbwi mfupi, uzi ukapitishwa juu yake kwenda na kurudi, na kibuyu kikatiwa ili kuikuza sauti. Na mpigaji wake aliimba habari za watemi, za vita na za misiba ya ukoo, wakati mwingine mbele ya watu na aghalabu kwa kujiliwaza. Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kunasa sauti, alilirekodi ligombo katika safari yake ya mwaka 1950. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, alipokuwa Jadotville, mji wa Katanga ambao sasa huitwa Likasi, alikutana na kijana Mwenda Jean Bosco wa Bayeke, akamrekodi akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kwa ustadi uliowafanya wasikilizaji wadhani wapigaji ni wawili. Mwenda hakuwa na bendi nyuma yake. Wimbo wake wa "Masanga" ulikwenda duniani kote ukiwa ni wa mtu mmoja na nyuzi sita, na mpaka leo wapo watu Ulaya na Marekani wanaohangaika kuvifuata vidole vile viwili.

Malori yatokayo huko Katanga, yamebeba shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, yanapita hapa Ipogolo mchana na usiku, na jambo moja hunijia niyaonapo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi wa Januari 1979. Na Mwenda naye aliuawa na ajali ya gari mwaka 1990. Watatu hao, ambao kila mpiga gitaa wa Afrika Mashariki ana deni kwao, wote walichukuliwa na barabara, na sisi tuishio kando ya barabara tunaujua uchungu huo.

Kando ya barabara hiyo hiyo yuko fundi mmoja wa matairi ambaye gitaa lake hukaa nyuma ya mtungi wa upepo, limefunikwa kwa gunia. Lilikuwa la marehemu kaka yake. Ubavu wake mmoja una ufa ulioshikizwa kwa gundi ya mbao, maana ukavu wa miezi ya Septemba na Oktoba huzivuta mbao zikaachana. Uzi wake wa kwanza, ule mwembamba ukatikao kila mara, si uzi wa dukani bali ni unywele mmoja uliochomolewa katika waya wa breki ya baiskeli. Na anapotaka kupandisha sauti hufunga nusu ya penseli juu ya shingo ya gitaa kwa ukanda wa mpira wa tairi la ndani. Kazi ikipoa, huifuta mikono yake kwa mafuta ya taa na kupiga wimbo mmoja, ule aliokuwa akiupiga kaka yake, na kila ufikapo mahali fulani katikati husimama na kuanza upya. Nilimwambia kuwa yupo mtu mjini awezaye kumfundisha sehemu iliyobaki. Akanijibu, "Hapana, mzee wangu, hata kaka alikuwa anaishia hapo hapo."

Tangu siku ile sijamwona mtu awezaye kunieleza kwa ufasaha zaidi kwa nini binadamu hupiga gitaa. Kwake yeye wimbo ule ni ziara ya kaburi, na kuumaliza kungekuwa kumwacha ndugu yake nyuma.

Wengine wana sababu zao. Nimemjua mstaafu mmoja wa Gangilonga ambaye hupiga kwa shida, vidole vimekakamaa na baridi ya Juni humzidishia, lakini hununua magitaa mabovu yaliyotoka katika bendi zilizokufa, na kila moja analijua lilishikwa na nani, katika ukumbi gani, na katika wimbo upi. Watu humwona mwenye tamaa ya vitu, ilhali yeye anachokusanya ni mikono ya rafiki zake. Nimemjua mjane mmoja mwenye daftari la nyimbo alizozitunga mwenyewe juu ya gitaa la mwanawe aliyehamia Mbeya, nyimbo ambazo hajamwimbia mtu, kwa maelezo kwamba zipo ili asiyaseme yale maneno kwa majirani. Na vijana wenye haya, ambao ulimi huwafunga mbele ya watu, ni wengi mno kuwahesabu. Gitaa huwapa mahali pa kutazama wakati wanaposema kweli.

Nimesikia hoja kwamba kipaji kisichoufaa umma ni ubahili. Ningeweza kujibu kuwa Mbaraka Mwinshehe, kabla ya kusafiri na Morogoro Jazz hadi Japani mwaka 1970, alipata kuwa kijana wa faragha na gitaa lake, na kuwa halaiki iliyocheza usiku kucha ilikula matunda ya saa ambazo hakuna aliyemsikiliza. Jibu hilo ni la haki, lakini silitumii, kwa sababu linamrudisha mpiga gitaa katika mizani ile ile ya faida, na kumwambia fundi wa Ipogolo kwamba ana ruhusa ya kupiga kwa sharti la kuwa Mbaraka siku moja. Yeye hatakuwa, wala hana haja ya kuwa. Faraja yake ni tukio kamili, na mji wenye watu wengi wanaojua kuzituliza nafsi zao kwa mikono yao wenyewe ni mji ulio na amani zaidi ya ule unaotegemea kelele za spika za kukodi.

Ninaomba basi mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Boma la Wajerumani hapa mjini, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa, limeonyesha kwamba tunaweza kutunza vitu vyetu. Lifungue mlango kwa magitaa ya watu wasio na jina, na kila gitaa liandikiwe lilipigwa na nani na kwa sababu gani, na madaftari ya nyimbo yanakiliwe kabla wajukuu hawajayawashia moto. La pili ni la maseremala. Mbao za misonobari kutoka Sao Hill zinapita mbele ya karakana zetu kila siku kuwa milango, vitanda na majeneza, na mikono inayoweza kuunga droo bila msumari inaweza kuunga sanduku la gitaa. Aliye na gitaa bovu lisilotengenezeka, asilitupe. Ampelekee seremala wa mtaani kwake alifumue taratibu, apime unene wa uso wake na ahesabu taruma zilizofichwa ndani, kisha wakubaliane bei ya jipya.