Haki ya Mgeni Katika Hoteli Inayokarabatiwa

Kila msimu wa harusi unapowadia, familia za pwani zilizohamia Kitengela na Kajiado hukabiliwa na swali moja: wageni watokao Mombasa, Malindi na Lamu walazwe wapi? Nyumba ni ya vyumba vitatu, na wageni ni ishirini. Wapo wanaoona ni heshima kuwapeleka wazee katika hoteli kongwe za katikati ya jiji la Nairobi, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Kitengela, na takriban 80 kutoka mjini Kajiado. Juma hili twapenda kuzungumzia hali ya hoteli hizo zinapokuwa mikononi mwa mafundi.

Hoteli kongwe haiishi bila kukarabatiwa. Stanley ilianza mwaka 1902, ikateketea kwa moto mwaka 1905, na ikahamia mahali ilipo leo mwaka 1913. Norfolk ilifunguliwa mwaka 1904, na sehemu yake ikabomolewa na bomu usiku wa tarehe 31 Disemba 1980, ikajengwa upya. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi watu wa pwani tumeyaona hayo kwa macho. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 huku kazi ya kuikarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Basi hatumlaumu mwenye hoteli anayeleta mafundi. Tunauliza tu: je, mgeni ameambiwa kabla hajatoa fedha zake?

Sisi wenyewe tuliwahi kuwalaza wageni wa harusi katika hoteli ya namna hiyo, na jina lake tunalistahi. Tulilipa siku mbili kabla, kwa simu, na hakuna aliyetutajia neno. Tulipofika, lifti ilikuwa imezimwa. Bibi yetu aliyepita miaka 70 alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akipumzika kila kituo huku ameshika ukuta. Alfajiri mabomba yalikuwa makavu, na udhu ukachukuliwa kwa chupa za maji ya kunywa. Saa mbili asubuhi nyundo zikaanza. Mafundi walipita varandani huku na huko, wasiweze mabinti kufungua mlango bila kujitanda. Vumbi likaingia chini ya mlango, na mtoto mmoja mwenye pumu akahitaji dawa yake ya kuvuta mara mbili kabla ya adhuhuri. Tuliposhuka mapokezi kuuliza, kijana aliyekuwa zamu alitujibu kwa upole kwamba kazi ile ilikuwa na mwezi mzima. Akaongeza: "Tungewaambia, msingekuja."

Jawabu hilo ndilo kiini cha maneno yetu. Ikiwa mtu asingenunua lau angejua, basi kumficha ni kumuuzia asichokubali. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu ndani yake, alimwuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Hakumkataza kuuza, alitaka aibu ya bidhaa iwe wazi. Sheria ya nchi nayo haiko mbali. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na huduma, na haki ya kulindwa afya na usalama wake.

Na suala la afya si dogo. Rangi za zamani aghalabu zilitiwa madini ya risasi. Zinapokwanguliwa, vumbi lake huwadhuru zaidi watoto wadogo na akina mama wajawazito. Vumbi la saruji nalo humbana kifua mwenye pumu. Kwa hiyo, mama anayepanga safari asione haya kuuliza kabla ya kulipa: Je, kuna ujenzi wowote sasa? Uko ghorofa gani, na huanza na kwisha saa ngapi? Lifti inafanya kazi? Maji hukatwa wakati gani? Ngazi ya dharura iko wazi, au imejazwa mbao na mifuko ya saruji? Tukiona hali si hiyo tuliyoambiwa, kuna kuhama au kurudishiwa fedha? Majibu yaombwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu, na risiti ihifadhiwe.

Mwenye hoteli naye hapati hasara kwa kusema kweli. Akipunguza bei na kueleza wazi, wapo vijana na wasafiri wa usiku mmoja watakaokubali kelele kwa radhi zao. Mzee na mtoto mchanga watatafutiwa pengine.

Sisi siku ile tulidai usiku wa pili, tukarudishiwa nusu yake, tukafunga mizigo hadi Kitengela. Majirani walifungua nyumba zao, wengine bila ya kuwajua wageni wetu. Wanawake wakalala kwenye mikeka sebuleni, wanaume wakapewa nyumba ya pili, na bibi akapata kitanda cha chini karibu na maji. Hapakuwa na mapazia mazito wala fanicha za karne iliyopita. Lakini mwenyeji alituonyesha mapema bomba linalovuja na mlango usiofunga vizuri, nasi tukalala tukijua tulipo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenyeji wa namna hiyo. Amin.