Kiwambo cha Kompyuta: Kazi au Mchezo?

Mshika mawili moja humponyoka. Anayenunua kiwambo ghali cha kompyuta kwa kazi na kwa michezo hana budi kuamua kwanza lipi atalishika zaidi.

Wauzaji aghalabu husifu kasi. Lakini kiwambo kinachobadili picha mara 60 kwa sekunde hukaa na kila picha milisekunde 16.7; cha mara 144 hukaa nayo 6.9, cha mara 240, 4.2. Hatua ya kwanza huokoa karibu milisekunde 10. Ya pili haifiki 3.

Viwambo vya OLED, ambavyo kila nukta hutoa nuru yake yenyewe, vina weusi kamili usio na kifani. Hata hivyo, maandishi yasiyosogea kwa saa nyingi, siku baada ya siku, yaweza kuviachia alama ya kudumu.

Basi, asomaye na kuandika mchana kutwa, akacheza kidogo usiku, heri achague LCD ya nukta 3840 kwa 2160, yenye kubadili picha mara 144. Herufi zitasomeka wazi, na mchezo hautaharibika. Fedha na ifuate saa za matumizi, si sifa za dukani.