Gugu jipya Ziwa Victoria: jina lake kamili ni lipi?



Ukisubiri kivuko hapa Kamanga utasikia kila kijani kinachoelea kinaitwa gugu maji. Basi, yameisha. Ila mgeni wa safari hii si yule tuliyemzoea.

Yule wa zamani mwenye ua la zambarau alitoka Amerika Kusini, akaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 Tanzania ikaachia mbawakavu wanaomla, akapungua sana. Huyu mpya, Salvinia, ni jamii ya kangaga: hatoi ua, vijani vyake vina vinyweleo, na kipande kikikatika kinaota upya. Mwanzoni mwa 2025 magugu yalikwamisha vivuko vya Kigongo-Busisi. Juni 2025 daraja likafunguliwa, kule sasa watu wanapita juu. Sisi wa Kamanga bado tunavuka kwa kivuko, na mvuvi popote alipo hana daraja.

Kilichonikera ni hiki: kwenye habari nilisoma "Salvinia spp". Hilo ni jina la ukoo bila jina la mtoto. Mtasema, jina la nini, si tung'oe tu? Ngoja niwape kisa.

Bwawa la Kariba lilivamiwa na Salvinia kuanzia 1959. Wataalamu wakadhani ni Salvinia auriculata, wakaenda kutafuta wadudu kwenye mmea wenye jina hilo. Mbawakavu waliopatikana wakaachiwa Afrika na kwingineko, hawakufua dafu. Mwaka 1972 D.S. Mitchell akaonyesha kuwa hii ni aina nyingine, akaiita Salvinia molesta. Kwao halisi, kusini mashariki mwa Brazil, kukajulikana 1978. Huko akapatikana mbawakavu wake, Cyrtobagous salviniae. Akaachiwa Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980. Mwaka uliofuata gugu lilikuwa karibu limekwisha.

Mnaona? Jina lilikosewa, miaka ikapotea.

Kwa hiyo hoja yangu haihitaji bajeti ya mabilioni. Kila mwalo uwe na daftari: limeonekana lini, wapi, upepo ulitoka upande gani. Piga picha, kausha kipande ndani ya gazeti, kifike TAFIRI pale Mwanza. Wao watangaze jina kamili hadharani. Kung'oa tuendelee, lakini tukijua tunang'oa nini.

Wa Sengerema, Ukerewe na Bukoba, huko mmeliona tangu lini? Andikeni tarehe na mahali.

Nawasilisha.