Insentivu si Mshahara

Ndugu zangu, hapa Kakuma tuko na wageni wa aina mbili. Mmoja anaitwa mtaalamu: ana nyumba, gari la shirika, mshahara benki. Mwingine anaitwa mkimbizi: anatafsiri, anafundisha, anahudumia wagonjwa, halafu anapewa insentivu. Akitaka kwenda Nairobi, lazima aombe ruhusa ya kutoka kambini. Na wote wawili si wa hapa!

Tunaambiwa eti sheria inazuia. Sheria gani? Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi, na kibali cha daraja la M hakilipiwi. Wakubwa wa mashirika, tuandikieni barua za kuombea hicho kibali, kisha mtulipe. Kazi ni kazi.