Laki Isifutwe

Mhakiki mmoja wa rasimu ya tasnifu yangu alikata neno "laki" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "mia moja elfu". Sababu yake ilikuwa kwamba laki ni neno la sokoni. Nilisahihisha kama nilivyoagizwa, maana mwanafunzi hana pa kukatia rufaa. Hata hivyo sikuridhika, na napenda kuwaeleza wasomaji wa jarida hili kwa nini.

Mjomba wangu hulima viazi Mau Narok. Msimu mmoja dalali alimwachia hati iliyosema angelipwa "shilingi elfu mia moja na tano", bila tarakimu. Mjomba alitarajia 105,000. Dalali alikuja na 100,005, akidai ndizo zilizobaki baada ya kukata gharama za magunia na usafiri. Nani alikosea? Kwa sarufi, hakuna! Maneno yale yanabeba maana zote mbili. Lau ingeandikwa "laki moja na elfu tano", ugomvi usingezuka. Tukumbuke pia kwamba katika sheria ya hundi nchini Kenya, tarakimu zikipingana na maneno, kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndicho hulipwa.

Ama kuhusu usokoni wake, ni kweli laki ilitujia kwa biashara. Asili yake ni Kisanskriti, nayo ilivuka Bahari ya Hindi pamoja na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Rupia ilitumika katika himaya hii hadi 1920, ikafuatwa na florini, kisha shilingi mwaka 1921. Rupia ikatoweka, laki ikabaki. Lakini elfu nayo si ya Kiarabu? Milioni je, haikuanzia Italia? Kikwi, lililomaanisha elfu, siku hizi tunakutana nalo zaidi katika mashairi ya kale, wala hakuna anayeomba lirudishwe. Waingereza wenyewe waliikopa laki walipokuwa India. Anayeifuta ili afuate mpangilio wa Kiingereza anasafisha lugha kwa maji ya jirani.

Tena Kiingereza hicho si kipimo thabiti. Mfaransa Nicolas Chuquet, mwaka 1484, aliitumia bilioni kwa maana ya milioni mara milioni. Waingereza waliishika maana hiyo muda mrefu, ilhali Marekani bilioni ilikuwa milioni elfu moja. Ni mwaka 1974 tu ambapo serikali ya Harold Wilson ilitangaza kwamba ingefuata hesabu ya Kimarekani. Mwenzangu anayetafsiri kitabu cha Uingereza cha kabla ya hapo na ahesabu sufuri kwanza.

Ninawaomba wahadhiri wetu waiache laki katika tasnifu. Mtoto wa shule ya msingi huiandika katika zoezi la tarakimu na kupewa alama. Sioni kwa nini akifika uzamili aambiwe amekosea. Mjomba naye bado anadai shilingi 4,995 zake.